Mkoba wa fundi taa wa filamu: anza na nini, bana wapi

Swali: Nimeitwa kuwa msaidizi wa taa kwenye filamu fupi, na nimeambiwa nije na vifaa vyangu. Akiba yangu ni ndogo. Kuna seti ya taa tatu za LED nimeiona inauzwa kwa bei nafuu na moyo wangu uko huko, lakini mwenzangu mmoja ananishauri ninunue kwanza zana za mkononi. Zipi ni za lazima? Na zipi naweza kuzitengeneza mwenyewe au kununua zilizotumika?

Jibu:

Ndugu yangu, msikilize mwenzako. Taa ni mzigo wa uzalishaji: zinakodiwa, au gafa, yaani kiongozi wa idara ya taa, anakuja nazo. Msaidizi huitwa kwa sababu ya mikono yake, na ukiambiwa uje na vifaa vyako, maana yake ni vile vya kiunoni. Ukifika na taa tatu bila glavu, utaonekana mgeni kabla hujafungua mdomo. Nitarudi kwenye hizo taa zako baadaye, kwa sababu kuna jambo unapaswa kulipima kabla ya kutoa hata shilingi.

Kuhusu pesa nina msimamo mmoja. Kitu kinachopitisha umeme, au kitakachoning'inia juu ya kichwa cha mtu, usikibanie bei. Afadhali ununue kimoja kizuri. Vingine vyote bana uwezavyo, na kwa kweli vingi vinabanika.

Anza na glavu. Nunua za ngozi, nyembamba kiasi kwamba unaweza kuokota skrubu ukiwa umezivaa. Usidanganywe na zile za nailoni zenye mpira kiganjani, hata kama zinauzwa rafu moja na hizi. Taa za tangsteni, yaani zile za balbu ya waya unaowaka kwa joto, bado zipo kwenye seti nyingi, maana yake mahali filamu inapopigwa, na balbu ya halojeni haifanyi kazi yake sawasawa mpaka ukuta wa kioo chake uvuke nyuzi 250 za selsiasi. Joto hilo huhamia kwenye nyumba ya taa na kwenye milango yake ya bati. Ngozi itakupa sekunde kadhaa za kurekebisha mlango na kuachia, ilhali nailoni huyeyuka na kugandia kwenye kidole. Glavu hizohizo usizitumie kushikia balbu mpya ya halojeni, maana zina mafuta na vumbi. Balbu ishike kwa kitambaa safi au kwa karatasi iliyoifungia. Alama ya kidole kwenye kioo hupata joto kuliko sehemu nyingine, na hapo ndipo balbu hutoboka au hupasuka.

Baada ya glavu, kipimo cha umeme. Hapa sitakuwa na haraka, kwa sababu hapa ndipo watu hubana pesa mahali pasipofaa.

Testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo kwenye mpini unaijua, karibu kila nyumba inayo. Isifike kwenye seti. Kitaa chake huwaka kwa sababu mkondo mdogo unapita mwilini mwako kwenda chini, na ukiwa juani au umevaa viatu vinavyozuia umeme vizuri, kinaweza kuwa hafifu kiasi kwamba unadhani waya umekufa kumbe uko hai. Mbadala wake ni testa ya kalamu isiyogusa waya, inayolia na kuwaka ikikaribia laivu. Si ghali. Lakini nayo itumie kwa utaratibu huu: kwanza iguse soketi unayojua ina umeme, isikie inalia. Kisha peleka kwenye kitu unachokichunguza. Kisha irudishe kwenye ile soketi ya kwanza. Hatua ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayokuambia kwamba betri haikuisha katikati ya kazi. Kimya cha testa peke yake hakijathibitisha kitu.

Multimita ni hatua inayofuata. Tafuta iliyoandikwa CAT III pamoja na volti zake, 600 kwa mfano. Maandishi hayo yanaeleza mahali kifaa kinapostahili kutumika: CAT II ni kwa vitu vilivyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni kwa bodi ya usambazaji ndani ya jengo, CAT IV ni kule umeme unakoingilia. Tofauti ni uwezo wa kifaa kuhimili mrindimo wa ghafla wa umeme bila kulipuka mkononi mwako. Kuna vipimo vya bei ya chini sana ambavyo maandishi hayo yamepigwa chapa tu juu ya plastiki, kwa hiyo nunua jina linalofahamika, hata modeli ndogo kabisa. Utaitumia kupima volti, na kujua kama waya umekatika ndani. Kupima ampea za taa kwa kuchomeka ncha zake katikati ya saketi usijaribu kamwe. Kazi hiyo ni ya klampu mita.

Klampu mita unaweza kuinunua baadaye, ukishalipwa kazi mbili tatu. Inafungua taya, inazunguka waya, inasoma mkondo bila kugusa shaba. Wageni wengi hulalamika kwamba imeharibika, kwa kuwa wameifunga kwenye kebo nzima ya taa inayowaka na kioo kinasoma sifuri. Haijaharibika. Ndani ya kebo mna laivu inayokwenda na nyutro inayorudi, na nguvu za sumaku za mikondo hiyo miwili zinafutana. Taya lazima zishike waya mmoja tu. Kuna kipande cha kuchomeka katikati kinachotenganisha nyaya hizo kwa usalama. Nunua hicho, usichane ganda la kebo ya mtu.

Kwa nini ujisumbue na ampea? Kwa sababu swali la kwanza ambalo gafa atakuuliza ni kama soketi fulani itabeba. Hesabu yenyewe ni wati kugawanya kwa volti. Taa ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampea 8.7, na kwenye volti 120 inavuta 16.7. Sasa chukua saketi ya ampea 16 kwenye volti 230. Ukijiwekea mazoea ya kutovuka asilimia 80 kwa mzigo unaokaa muda mrefu, una takriban wati 2900 za kuchezea. Taa moja ya 2000 na nyingine ya 650 zinaingia. Mbili za 2000 zinaomba ampea 17.4, na breka inaweza kuanguka katikati ya tukio, pengine wakati mwigizaji ameshaanza kulia. Kumbuka pia kwamba soketi mbili za chumba kimoja huenda ni saketi moja, na kwamba friji iliyo upande wa pili wa ukuta inaweza kuwa nayo imo humohumo. Taa za LED za bei rahisi nazo huweza kuvuta ampea zaidi ya zile unazozipata kwa kugawanya wati zilizoandikwa, kutokana na namna kibadilishi chake kinavyovuta umeme. Ndiyo sababu nasema klampu mita itakuja kukufaa hata kama zama za tangsteni zinapita.

Ukiwa na uwezo wa kununua waya mmoja wa kuongezea, nunua wa milimita mraba 2.5, wenye ganda la mpira, mweusi, wenye athi. Nyembamba wa 1.5 si haramu, lakini fanya hesabu: mita 30 za waya huo zikipitisha ampea 10 hupoteza kama volti 7 njiani, na zile volti hazipotei hewani, zinageuka joto la zaidi ya wati 70 lililotandazwa kwenye waya. Ukiwa umenyooshwa sakafuni hutalihisi. Ukiwa bado umekunjwa kwenye ngoma yake, joto lote liko mahali pamoja, na ganda la kawaida la PVC limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 tu. Angalia ubavuni mwa ngoma: mara nyingi pameandikwa wati za aina mbili, kubwa kwa waya uliofunguliwa wote, ndogo kwa waya uliokunjwa. Fungua wote, hata kama taa iko mita tano.

Na ujifunze kuukunja, maana watakutazama. Usizungushe kwenye kiwiko. Pete ya kwanza ikunje kawaida, ya pili igeuze kiganja ili waya uingie kwa ndani, ya tatu kawaida, ya nne kwa ndani. Msokoto wa pete moja unafutwa na wa inayofuata. Waya uliokunjwa hivyo ukiurusha unanyooka wenyewe, na uliozungushwa kiwikoni hujipinda, na baada ya muda shaba hukatika ndani bila mtu kuona.

Tuje kwenye tepu. Gafa tepu ni ya kitambaa cha pamba, haing'ai, inachanika kwa mkono, na ukiibandua inaacha gundi kidogo au haiachi kabisa. Dakti tepu ya fedha inayouzwa kwa mafundi bomba inafanana nayo kwa mbali, na ni nafuu, ila ina uso wa plastiki unaong'aa mbele ya lenzi, na gundi yake itabaki kwenye ukuta wa mtu aliyewaazima nyumba. Hapa usibadilishane. Unachoweza kufanya ni kununua roli moja nyeusi tu na kuitumia kwa ubahili. Zungushia mita chache kwenye kipande cha bomba la plastiki, tembea nacho mfukoni, roli kubwa ibaki mkobani. Kila unapobandika kunja ncha ya mwisho, ili atakayebandua apate pa kushika. Kwenye nyaya, bandika pale watu wanapopita tu. Tepu ya umeme nayo beba, rangi mbili au tatu, kwa kuwekea alama vitu vyako na urefu wa nyaya. Kuziba nayo waya uliochubuka hapana. Waya huo funga fundo ncha zake, uweke kando, mwambie gafa.

Tepu isiguse taa ya moto. Hapo kazi ni ya vibanio vya nguo, vya mbao, kwa sababu vya plastiki huyeyuka. Pakiti moja itakutosha muda mrefu, na huenda ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko vyote kwa bei yake. Vinashika jeli, yaani karatasi za plastiki za kubadili rangi ya mwanga, na karatasi za kulainisha mwanga kwenye milango ya taa, vinabana pazia, vinashika karatasi ya maelezo. Vichache kati ya hivyo vifungue: toa springi, geuza vipande viwili vya mbao ili mgongo utazame mgongo, rudisha springi. Sasa una koleo lenye ncha ndefu nyembamba linaloingia kwenye taa ya tangsteni na kuchomoa wavu wa chuma ulio moto bila kuunguza vidole. Hilo nalo ni zana ya fundi taa, na limetoka dukani pamoja na sabuni ya kufulia.

Zana za mkono zenyewe nitazipitia haraka, kwa sababu nyingi unazo tayari. Spana malaya ya inchi 8, iliyofungwa kamba ya kuishikiza mkononi au kwenye mkanda kabla hujapanda ngazi. Plaizi. Bisibisi bapa na ya nyota. Alenki za milimita na za inchi pia, maana vifaa vya Marekani hutumia inchi, na alenki iliyokaribia kuenea ndiyo inayoharibu skrubu. Kisu kimoja kikali, na mkasi wa pekee kwa ajili ya jeli. Futi ya mita 5. Kalamu nyeusi ya wino mzito. Taa ya kichwani, si tochi ya mkononi, kwa sababu gizani utahitaji mikono yote miwili. Ukitaka maltitulu, ile zana ya kukunja yenye plaizi na visu ndani, ni nzuri, lakini za bei ya chini taya zake hulegea haraka, na plaizi ya kawaida ya bei hiyohiyo itaishi kuliko yeye. Mkoba wa kiunoni uwe mdogo. Mkubwa utaujaza, na kufika saa kumi jioni mgongo utakudai.

Kamba: ya pamba iliyosukwa, kama mita 10 ya unene wa milimita 6, na roli ndogo ya milimita 3. Pamba haiyeyuki ikikaribia joto na haitelezi kwenye bomba kama nailoni. Jifunze mafundo machache tu, hasa lile la kuzungusha bomba mara mbili linalojikaza, na kitanzi kisichokaza wala kuteleza. Hata hivyo kamba si kinga ya taa iliyo juu. Taa iliyo juu inataka waya wa chuma wa usalama wenye uzito wake ulioandikwa, uliopitishwa kwenye fremu ya taa na kuzunguka kitu kisichoanguka. Waya huo ununue mpya.

Stendi hutanunua leo, lakini utashika stendi ya C, ile ya chuma yenye miguu mitatu na mkono unaofungwa kwa kichwa cha kukaza, tangu asubuhi, kwa hiyo ijue. Mguu mrefu kuliko mingine uelekee upande ule mzigo unaning'inia. Mfuko wa mchanga uvike mguu huohuo, ukiwa umeinuliwa kidogo na sakafu, kwa sababu mfuko uliolala chini hausukumi kitu. Mkono wa stendi uupange ili mzigo ukitaka kushuka uzungushe kichwa upande wa kukaza, yaani mwendo wa saa. Ukiona kichwa kinalegea chenyewe kila baada ya dakika chache, karibu kila mara sababu ni kwamba kimepangwa upande usio wake, na huhitaji kukikaza kwa nguvu zaidi, unahitaji kukigeuza. Ukubwa wa pini za kushikia taa pia ukariri: ndogo ni milimita 16, yaani inchi 5/8, na kubwa ni 28, yaani inchi 1 na 1/8. Siku ukianza kununua klampu utajua kipi kinaingia wapi.

Mifuko ya mchanga yenyewe shona. Turubai, uzi mnene, mshipi wa kushikia katikati, na ndani mifuko miwili ya plastiki nzito ili mchanga usimwagike kwenye zulia la watu. Beba mitupu, jaza mahali pa kazi, rudi mitupu.

Vitu vya kulainisha na kurudisha mwanga ndiko unakoweza kutengeneza zaidi. Ubao mweupe wa povu, upande mmoja uupake nyeusi isiyong'aa: mweupe unarudisha mwanga usoni, mweusi unauondoa. Shuka nyeupe ya pamba iliyotandazwa mbele ya dirisha inafanya kazi ambayo watu hukodishia fremu. Pazia la bafu na karatasi ya kuokea ni sawa mbele ya LED, lakini mbele ya tangsteni ni moto unaosubiri, hata kama karatasi hiyo imezoea tanuri. Karibu na taa ya moto tumia jeli na karatasi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, ziwe mbali kidogo na lenzi ya taa. Nunua karatasi chache: za chapa ya Lee, namba 216, nyeupe nzito, na 250 iliyo nyepesi zaidi. Ukipata na bluu ya 201, inayopeleka rangi ya mwanga wa tangsteni kutoka kelvini 3200 hadi kama 5700, kumbuka inameza takriban stopu moja na nusu ya mwanga, na kila stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu. Vile vitabu vidogo vya sampuli za jeli omba kwa wauzaji. Vinasaidia kuchagua rangi kwa jicho kabla ya kukata karatasi nzima.

Sasa taa zako tatu. Kama bado moyo uko kwazo, zipime kabla ya kulipa. Simu yako ndiyo kipimo: iweke kwenye mwendo wa polepole, fremu 120 au 240 kwa sekunde, rekodi taa ikiwa kwenye nguvu kamili kisha ikiwa imepunguzwa hadi asilimia 10. Ukiona mistari inayopanda au mwanga unaopumua, taa hiyo inamemeteka. Huenda ikapita kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata ya kamera ya 1/50 ya sekunde mahali umeme ni wa hezi 50, na ikakuumbua mara mwongozaji akitaka mwendo wa polepole. Pili, washa zote tatu kwenye namba moja ya kelvini, zielekeze kwenye karatasi moja nyeupe kila moja na sehemu yake. Ukiona moja ni ya kijani kidogo na nyingine ya waridi, ndiyo hali utakayopigana nayo kwenye kila tukio. Tatu, CRI 95, yaani alama ya jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, iliyoandikwa kwenye boksi isikutoshe. Namba hiyo ni wastani wa rangi nane za kwanza, na nyekundu iliyokolea, inayoitwa R9, haimo. Bila nyekundu hiyo ngozi ya mtu hukaa kama imezimwa. Uliza R9, na weka mkono wako mbele ya taa, uulinganishe na ulivyo mchana dirishani. Binafsi ningechukua taa moja nzuri kuliko tatu za kubahatisha. Ukiisogeza karibu mara mbili mwanga unaomfikia mtu unakuwa mara nne, na huko kusogea hakuna malipo.

Ukihitaji mpangilio wa kununua: glavu, testa ya kalamu, gafa tepu, vibanio, kisu na spana kabla ya siku ya kwanza. Malipo ya kwanza yalete multimita. Kamba, jeli na waya wa kuongezea vifuate, klampu mita nyuma yao, na taa mwisho.

Vilivyotumika? Chuma, ndiyo. Stendi, klampu, vichwa, mabomba: kaza na kulegeza kila nati, tazama penye kulehemiwa kama pana ufa, vuta miguu yote uone inafunga. Kamba, mikanda ya kuinulia na waya wa usalama wenye nyuzi zilizochomoza, hapana, kwa sababu historia yake huijui. Plagi yenye doa la kahawia kuzunguka pini imeshapata joto kupita kiasi, iache.

Waya wa kuongezea uliotumika unaweza kuupima papo hapo, muuzaji akiwa anatazama. Uchomoe pande zote mbili, weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya athi ya plagi, nyingine kwenye tundu la athi la upande wa pili. Inapaswa kusoma chini ya omu moja. Utikise waya huku ukitazama kioo, hasa karibu na plagi na karibu na soketi, ambako hupindwa kila siku. Namba ikiruka, shaba inashikana kwa bahati. Ikiandika OL, athi haipo, na waya huo haufai hata ukipewa bure.